Kifaru cha Pinywa Kilivyovuka Mto

Mpendwa Baba,

Jana mtoto mmoja wa darasa la tatu aliniuliza kile kifaru kilichoegeshwa nyuma ya madarasa kilipigana vita gani. Nikaanza kumjibu, nikajikuta nacheka peke yangu. Nikajua kuwa ni wewe niliyetaka kuzungumza naye. Tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari mmoja.

Unakumbuka nilivyokuja na daftari kwenye karakana yako ya kuchomelea vyuma pale Rodi Kopany? Nilikuwa nimeandika mchezo wa kuigiza kuhusu nchi ya kubuni niliyoiita Pinywa, yaani "nchi yetu" kwa lugha yetu. Nchi hiyo ilikuwa na kifaru kimoja tu, kizito mno, kila waziri alikiogopa na hakuna aliyejua kukiendesha. Nilikuomba unikatie maboksi na kuyapaka rangi ya kijani. Ulinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Kifaru cha maboksi, Mwalimu? Mvua ikinyesha, nchi yako itajitetea na nini?"

"Ni mchezo tu, Baba."

"Hata mchezo una heshima yake, nyara."

Ulipenda kuniita binti yako kwa Kidholuo pale ulipokuwa umeshaamua jambo. Kwa wiki tatu uliacha milango na madirisha ya watu. Kifaru cha kwanza kilianguka ubavuni kwa sababu mzinga ulikuwa mzito kuliko mwili. Cha pili kilikataa kugeuka. Cha tatu ulikijenga juu ya ekseli ya trela, kwa mabati ya mapipa, mzinga ukiwa bomba la kisima, na ubavuni ukapigilia vipande vya tairi viwe minyororo yake. Mama alikuwa akileta chai na kuuliza kama serikali inajua.

Ulikileta shuleni kwetu, karibu na Macalder, juu ya lori la mchanga, siku yenyewe ya tamasha la mashindano ya maigizo. Wazazi wanane walikishusha. Kisha tukagundua kwamba hakipiti mlango wa ukumbi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini wewe ulipima mlango kwa shubiri, ukanigeukia kwa utulivu.

"Kifaru hakina kosa. Mlango ndio mwembamba."

Waamuzi wakabeba viti vyao wenyewe wakaja kukaa uwanjani. Watoto walikivuta kwa kamba, mawaziri wa Pinywa wakakimbia huku na huko, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kabla hatujafika mwisho, mvua ikateremka, waamuzi wakatoroka na karatasi zao, na ushindi ukaenda kwa shule nyingine.

Tulikuwa bado tumejibanza barazani mchana ule Mwalimu Boke aliponishika mkono. Alikuwa mja mzito, na nyumbani kwao ni mbali, Kehancha. "Akinyi, nadhani ni leo," aliniambia, kama mtu anayeomba radhi. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya kijito, na kijito kilikuwa kimefurika. Gari la mwalimu mkuu lilizama kwenye tope hata kabla ya kufika majini. Jirani wa shule alikuwa na ng'ombe wanne wa kulimia, ila hakuwa na mkokoteni.

Wewe ulikuwa unakitazama kifaru.

Ulishuka kijitoni na fimbo, ukavuka peke yako na kurudi, maji yakikufika magotini. Nilikuita urudi, hukugeuka. Ulisema maji yatabeba kitu chepesi, lakini hiki hayakiwezi. Tuliwafunga wale ng'ombe wanne mbele ya kifaru, tukatandika magodoro ndani, tukamwingiza Boke kupitia mlango wa nyuma, nami nikaingia naye. Kutoka ndani nilisikia ng'ombe wakipumua kwa nguvu, maji yakigonga mabati, na sauti yako mbele ukiwasemesha wale wanyama taratibu kama wageni wako. Katikati tulisimama. Boke akanibana vidole, na hofu niliyoihisi pale bado naikumbuka. Kisha ekseli ikalia, tukasogea.

Msichana alizaliwa kabla nguo zako hazijakauka. Nesi alitoka kututangazia, akakiona kifaru kimeegeshwa mlangoni, akasahau alichotaka kusema. Boke alicheka kitandani hadi akaambiwa apumzike. Nawe ulikaa kwenye benchi, viatu vimejaa tope, ukalia bila kujificha. Sikuwahi kukuona ukilia, Baba. Ulisema ni moshi wa kazi.

Mtoto huyo ameanza chekechea mwaka huu. Hupanda juu ya kifaru na kuwaamuru wenzake wote, hata wakubwa.

Wiki iliyopita bawaba ya mlango wa nyuma wa kifaru ilikatika. Fundi wa sokoni alikuja na mashine yake ya kuchomelea, nami nikamwomba anipishe nichomelee mwenyewe. Ulizoea kunikataza kuigusa mashine, ukisema macho ya mwalimu ni ya vitabu. Nilivaa glavu zilizonizidi, nikainamia bawaba, nikafikiri nitashindwa kwa sababu wewe hupo kunielekeza. Cheche zikaruka, nikacheka, kisha nikalia kidogo.

Mstari wangu wa kuchomelea umepinda kama njia ya ng'ombe. Ungeucheka siku nzima. Lakini nilining'inia kwenye mlango ule kwa uzito wangu wote, Baba, na umeshika.

Anayekukumbuka kwa kicheko,
Binti yako, Akinyi