Mchumba Wangu na Misioni ya Mainjinia

Kamina, tarehe 3 Septemba 1957. Asubuhi moshi wa nyika inayoungua umefunika reli, hakuna upepo.

Mama Mshauri mpendwa, nishike mkono kabla ya Jumatatu. Mimi ni mwalimu, Mmethodisti, na mchumba wangu Lazare ni Mkatoliki, mchora ramani katika ofisi ya reli, naye anaomba kuingia shule ya mainjinia ya chuo kikuu, na mwezi wa Juni shule ilimpelekea karatasi yenye kichwa "Mission et valeurs", akaja nayo kwetu akaniuliza mbele ya baba, "Mademoiselle, hii mission njo nini?" nami nikajibu bila kufikiri, "Misioni njo misioni, kama yetu hapa, ya Wamethodisti," na hizo valeurs nikasema ni mwenendo wa misioni: hakuna pombe, hakuna tumbaku. Tangu siku ile Lazare ameacha bia, kila Jumapili yuko kanisani kwetu, ameketi na waimbaji nyuma yangu, na baba, aliyekuwa akisema, "Binti yangu hataolewa na chupa," amekubali arusi. Juzi nikaisoma karatasi yote polepole, kumbe mission ni kazi ambayo shule imejipa, kufundisha watu watakaojenga madaraja na kuleta umeme kwa faida ya nchi, na valeurs ni kusema kweli, kupima vizuri, kutoficha kosa. Jumatatu wakubwa wa shule watamuuliza misioni yao ni nini, naye atajibu, "Ya Wamethodisti," watamcheka na kumrudisha. Nikimwambia, atarudia bia na baba atavunja uchumba. Nifanye nini? Kila kitu naandika kwa tarehe katika daftari, na jana nimeandika: usingizi umekuja saa nane ya usiku.

Noémie

Noémie binti yangu, pole. Lakini mwalimu anayefasiri karatasi kwa kusoma kichwa tu, wanafunzi wake wafanye nini? Shule imesema kosa lisifichwe. Mtu wa reli akiona ufa darajani hangoji treni ipite ndipo aseme. Weye umeuona ufa, na treni inapita Jumatatu.

Sasa nikuulize. Lazare anachora ramani za reli kutwa nzima, na kila neno lililo juu yake ni Kifaransa. Neno moja tu likamshinda, na Kamina nzima akakosa wa kumfasiria ila weye, tena baba yako akiwa ameketi hapohapo. Akaambiwa Wamethodisti, akachagua kiti nyuma yako. Ee mutoto, nani alimdanganya nani?

Usimfokee. Kuacha bia tangu Juni, katika joto hili, si mchezo. Kanisa lipi mtasali, mpatane wenyewe, si mimi. Baba yako mwambie kosa lako lote, kisha umwambie, "Baba, si shule iliyomukataza bia." Atajua mwenyewe ni nani.

Lakini kwanza, leo hii, muulize Lazare: "Mission njo nini?" Akijibu Wamethodisti kwa uso mkavu, mfundishe upya, na safari hii usome mpaka mwisho. Akicheka kabla hujamaliza kuuliza, nenda kashone gauni la arusi.