Herufi Zangu Chini ya Ukurasa Mweusi

Riziki, mdogo wangu,

Watu wengi wakikuta tovuti yao imechafuliwa hukosea jambo moja: hukimbilia kufuta. Wanafuta kama mtu anayeosha matope mlangoni kabla majirani hawajaamka, kisha wananyamaza. Wewe ulifanya hivyo, na mimi nilikaribia kufanya hivyo. Nitakueleza kwa nini ni kosa, lakini kwanza nikusalimu, maana sitaki aibu initoe na adabu pia.

Hamjambo huko Baraka? Kifua cha shemeji kimepoa? Nilisikia mvua imekata barabara ya kupanda Fizi na mihogo ya Lubondja inachelewa kufika sokoni. Sisi huku Liège, Ubelgiji, ni wazima. Magoti yananisumbua kwenye ngazi, na mji huu umejaa ngazi, lakini daktari hakunipa dawa mpya.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Nyumbani, mnakoniita yaya kwa kuwa ndiye kaka mkubwa, mnasema "yaya anafanya kazi ya kompyuta", nami niliacha iwe hivyo kwa sababu inasikika vizuri. Kazi yenyewe ni hii. Kuna watu wanaoingia katika tovuti za wengine bila ruhusa, wanaondoa kilichoandikwa na kubandika chao: jina lao la utani, matusi, fuvu la kichwa. Vitabuni wanaitwa wadukuzi. Ninyi mnawaita mapirate. Wakimaliza, wao wenyewe wanaliandikia shirika letu dogo kutuonyesha mahali walipoharibu. Mimi nafungua, nahakikisha kweli pameharibiwa, napiga picha ya ukurasa, naandika siku na saa, naweka herufi mbili za jina langu chini, nahifadhi. Tunahifadhi ili mwenye tovuti ajue alivyoingiliwa, na wengine wajifunze kujilinda. Ni ukarani kama wa kituo cha polisi, ila hapa mwizi anakuja mwenyewe kuandikisha wizi wake.

Mwanzoni niliifananisha na kusahihisha madaftari, kazi niliyoifanya Fizi miaka mingi. Baadaye nikaona tofauti. Daftari la mwanafunzi, hata likiwa baya, linakuonyesha mtu anayejaribu. Hapa natazama tangu asubuhi hadi jioni shule, zahanati na makanisa yaliyopakwa uchafu, na waliopaka wananihimiza. Mmoja aliniandikia: "Mzee, umesinzia? Weka yangu haraka, mwenzangu amenipita." Hapo nilielewa kwamba wengi wanaharibu ili sisi tuhifadhi. Wanashindana, nami ndiye ninayeandika majina ya washindi. Nilimwambia mkuu wetu. Alikubali kwamba ni kweli, akasema tukifunga, wenye tovuti hawatakuwa na ushahidi wowote. Niliendelea.

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza. Kanuni yetu inasema ukishapiga picha, mwandikie mwenye tovuti umjulishe. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Wengi hawakujibu. Mkuu wa shule moja alinijibu kwamba mwizi ni mimi, la sivyo ningejuaje? Barua ile iliniuma kuliko ilivyostahili. Kidogo kidogo nikaacha kuandika. Hakuna aliyenikemea, kwa sababu hakuna aliyejua.

Jumanne ile, saa nane mchana, zilikuja tovuti nyingi kwa mkupuo kutoka kwa mdukuzi mmoja, zote zikiwa na ukurasa uleule mweusi wenye mdomo unaocheka. Nilikuwa sisomi tena majina ya tovuti. Nilitazama weusi, nikapiga picha, nikaweka herufi zangu, nikaenda kwenye inayofuata. Moja katika hizo ilikuwa tovuti ya kamati yenu, ile yenye orodha ya watu waliopotezana wakati wa vita. Nilipitisha mkono juu ya kazi ya dada yangu wa tumbo moja, na sikuiona.

Uliponipigia simu baada ya majuma matatu, nilisikia habari kana kwamba ni mpya. Ulinieleza jinsi ulivyokuta ukurasa mweusi, ukaufuta, ukarudisha majina kutoka kwenye cahier, lile daftari lako la mkono, bila kumwambia mtu, ukidhani yameisha. Kumbe mama Goreti, yule mkulima Mrundi anayetembea kila Ijumaa kutoka kambi ya wakimbizi kuuliza kama kuna jibu chini ya jina la mdogo wake, alikuwa ameuona ukurasa ule mweusi kwenye simu ya jirani. Ulisema alisimama mbele ya bureau ya kamati, mbele ya bamama wote, akakuambia polepole: "Jina la mudogo wangu nilikupatia weye. Sasa liko wapi?" Wewe ukamjibu kwamba liko, halikutoka kamwe, naye alikuwa ameona kwa macho yake kwamba lilitoka. Toka siku hiyo watu wanasema umewapa wenye silaha majina. Bamama wanakuja kutaka ndugu zao wafutwe kwenye orodha, na kamati imekuambia ukae nyumbani kwanza.

Kisha ukaniomba: "Yaya, ile picha bado iko kule kwenu. Mutu wa Uvira aliionyesha mu telefone. Uitoe, tafazali."

Na mimi, badala ya kukuambia nilichokuwa nimeanza kukihisi, nilikuuliza kwa sauti ya mwalimu: "Neno la siri mlimpa nani?"

Ukanijibu: "Hatukupa mutu, yaya. Iko tu mu PV, vile ulituambia."

Nilikuaga haraka, nikasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Nieleze hapa jambo ambalo unalijua, kwa sababu wengine huenda hawalijui. Kwetu mtu wa kamati akishika ufunguo peke yake, haipiti wiki bila kushukiwa. Ndiyo maana ufunguo wa stoo huonyeshwa mbele ya wote. Mlipofungua tovuti, nikiwa nimekuja likizo, ni mimi niliyesema neno la siri nalo lifanyiwe vivyo hivyo: lisomwe kwa sauti, liandikwe katika procès-verbal, ile PV ya kumbukumbu za mkutano, wote watano watie sahihi chini yake, wewe usije ukashukiwa. Mliniitikia kwa makofi. Ni mimi pia niliyeomba PV zenu zipigwe picha na kuwekwa kwenye tovuti, ili sisi tulio mbali tuone kamati inavyofanya kazi. Hamkukosa busara. Mlifuata desturi nzuri, na mtu aliyesoma akawaambia kwamba inafaa mahali isipofaa. Ufunguo wa stoo ukionekana mlangoni bado uko mkononi mwa mtu. Neno la siri likishaonekana, kila aliyeliona analo.

Baada ya simu yako nilifungua hifadhi, nikatafuta. Ulikuwepo ukurasa mweusi, jina la tovuti yenu juu, herufi zangu chini. Nikasoma ujumbe aliotuma yule mdukuzi, ambao Jumanne ile niliuruka. Ameandika kwa kujisifu: "Nilichukua neno la siri kwenye karatasi waliyoibandika wenyewe." Hakukujua wewe wala Baraka. Sina njia ya kuapa kwamba hakuyatazama majina, lakini siku hiyohiyo alichafua na tovuti ya duka la viatu na ya timu ya mpira ya nchi nyingine, kwa mdomo uleule unaocheka.

Nikaweka kidole mahali pa kufuta. Nitakuambia ukweli: sikuwa nakufikiria wewe. Nilikuwa nafikiria herufi zangu mbili, na ile PV yenye shauri langu, na jinsi watu wa Fizi wanavyoniita mwalimu hadi leo. Ningefuta, ningekuambia nimetimiza ombi lako, nawe ungenishukuru. Kilichonizuia ni saa iliyoandikwa pale. Kwa saa za kwenu, tovuti iliharibiwa wakati ule kamati nzima ilipokuwa Kazimia kwenye matanga ya mama yake makamu mwenyekiti. Mlikwenda kwa mtumbwi mmoja. Pasta, mwenyekiti wenu, alikaa karibu nawe na mkachelewa kurudi kwa sababu ya mawimbi. Uliniambia wewe mwenyewe juma lile. Hukuwa na kompyuta, na simu yako ilikuwa imezima. Picha uliyotaka niiondoe ndiyo shahidi wako pekee kwamba si wewe uliyeyatoa majina, na ilibaki kidogo niimalize ili mimi nisionekane.

Basi sikuifuta. Nimeichapa kwenye karatasi pamoja na ujumbe wa mdukuzi, na tafsiri yake kwa Kiswahili nimeandika pembeni kwa mkono. Karatasi zote ziko ndani ya bahasha hii anayokuletea mzee Amisi, anayekuja kupitia Bujumbura. Kazini nimemwambia mkuu kwamba niliacha kuwaandikia wenye tovuti. Hakunifukuza. Amenirudishia orodha ya wote niliowapita, nami naandika barua kumi kila asubuhi kabla ya kupokea uharibifu mpya. Nilipaswa kukupigia simu na kusema haya yote. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili nikakuuliza habari za mvua.

Nisalimie shemeji, mwambie asirudi ziwani kabla kifua hakijatulia. Msalimie shangazi Mwasi aliyetulea, na binti yako Noela anayefundisha Fizi. Yeye amwulize mtu anayejua zaidi yangu kabla kamati haijachagua neno jipya la siri, na lisisomwe kwa sauti. Mama Goreti msalimie pia, hata kama haitikii. Mwambie jina la mdogo wake liko katika cahier yako, ukurasa uleule ulipoliandika siku ya kwanza.

Mimi kaka yako Wilondja nimeandika haya nikijua hayatakuwa yako peke yako. Usiyapunguze kwa kunihurumia. Leo hii, usingoje Jumapili, mpelekee pasta barua hii pamoja na zile karatasi, aisome yote kwa sauti mbele ya kamati na bamama.