Mlango Mpya wa Mama

Minneapolis, 2 Machi 2025

Shikamoo Mama. Presha inaendeleaje? Mie mzima, ila baridi haijatuacha. Serikali ya huku imenirudishia kodi niliyokatwa kupita kiasi kazini mwaka jana. Hela nimeshatuma. Badilisha mabati, na ule mlango wa mbele ulioliwa na mchwa. Weka wa chuma.

Mwanao,
Tusajigwe

Kunduchi, 9 Machi

Marahaba mwanangu. Presha imetulia, namshukuru Mungu. Hela imefika, ubarikiwe. Mabati sawa. Mlango ndio unaonitia wasiwasi. Kaka yako Asifiwe alipokwenda Durban aliondoka na ufunguo wake, akasema akirudi nisihangaike kumfungulia. Mwaka wa tatu huu hajapiga simu. Nimemwambia fundi Adelard akihamishie kitasa cha zamani kwenye mlango mpya. Kucheka ucheke.

Mama yako

Kunduchi, 24 Aprili

Hujambo mwanangu? Mie siko sawa. Mabati yanang'aa mpaka wapita njia wanageuka. Lakini Adelard kitasa hakukihamisha. Alikiuza pamoja na bati chakavu, akaweka kipya. Sasa Jumapili ya Pasaka, nikiwa kanisani, Farida wa jirani alimwona kijana mwembamba mlangoni kwangu. Anajipapasa mifuko, anasukuma mlango, anajipapasa tena. Alipomwita hakugeuka. Farida amehamia juzi tu, Asifiwe hamjui, lakini anasema bega moja lilikuwa limeshuka. Bega la mwanangu hilo. Nimemfungia nje mwenyewe. Tangu siku hiyo sitoki.

Mama yako

Minneapolis, 8 Juni

Shikamoo Mama. Wiki sita naandika na kuchana. Asifiwe alifariki miaka mitatu iliyopita kwa homa ya mapafu, akazikwa hukohuko Durban. Stanley aliyekuwa akiishi naye ndiye aliyenipa taarifa, kisha akanitumia vitu vyake. Baba tulikuwa tumetoka kumzika, nawe presha iko juu. Niliogopa kukupoteza na wewe. Mlango nilitaka ubadilishwe ili uache kumsubiri. Huyo aliyekuja si yeye, Mama. Ufunguo wake ninao mimi, uko kwenye droo yangu. Nisamehe.

Mwanao,
Tusajigwe

Kunduchi, 15 Juni

Marahaba. Nimelia, wanakwaya wamekuja, tumemwombea. Nimekusamehe, ingawa umeniumiza sana.

Ila hukumwelewa Farida. Alikuwa anajipapasa mifuko, mwanangu. Angeingiaje, na ufunguo umeuweka wewe kwenye droo? Ulete nyumbani. Mie huku mlango sifungi tena.

Mama yenu