Bafta, Pamba na Kafuri

Kilwa Kivinje,
Ijumaa, baada ya sala

Kwa kaka yangu Mbaraka,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta Pangani umekaa barazani, mguu wako umepona na mama ameacha kukohoa. Niandikie hali ya kifua chake bila kunificha, maana nakujua. Mimi mwilini sina neno. Nakula, nalala kidogo, na kazi yangu ya ukarani bado ninayo leo ninapoandika. Kama nitakuwa nayo wiki ijayo, sijui. Isome kwanza peke yako, kisha umsomee mama zile sehemu utakazoona zinafaa.

Mwalimu wa watoto wadogo wa hapa aliugua, akapelekwa Lindi. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali hapa bomani, akaniita akaniambia, "Wewe umesoma. Utawashika watoto mpaka mwalimu mwingine aletwe." Nikasema ndiyo bwana. Kisha akaongeza neno ambalo limenikaa rohoni: wazee wa mji hawaiamini sana shule hii, na akirudi kutoka safari yake ya Mitole akakuta mabenchi matupu, ataifunga, na mimi hatanihitaji tena bomani. Alisema kwa upole kabisa, huku anafunga viatu.

Shule yenyewe ni ghala la zamani la Mjerumani, lenye madirisha ya juu sana. Katika kitabu alichoacha mwalimu, somo lililofuata lilikuwa la fahamu tano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Nikaliona jepesi. Nikawaambia watoto kwamba mtu ni kama nyumba yenye milango mitano, na kila mlango una kazi yake. Neno hilo la milango halimo kitabuni. Nililitunga mwenyewe, nikajiona hodari.

Kikwazo changu cha kwanza kilikuwa neno kusikia. Kuna binti anaitwa Zena, mtoto wa Mzee Chande, fundi mchonga milango. Nilimpa kipande cha nguru mkavu, akakisogeza puani.

"Nasikia harufu ya nguru," akasema.

"Hapana, Zena. Sikio ndilo linalosikia. Pua hunusa."

"Na baridi, mwalimu?"

"Baridi ni kazi ya ngozi."

"Na njaa? Njaa tunaisikia kwa mlango gani?"

Wenzake wakacheka. Nikamwambia akae chini.

Wakati wa kuwaaga nikasema, "Kesho nitaifunga milango yenu mmoja mmoja. Nitaanza na macho, kisha masikio, kisha pua." Nilikuwa na maana ya mchezo: afungwe mtoto macho, apewe kitu, akitambue kwa milango iliyobaki. Watoto wakaondoka na maneno yangu kama yalivyo, wakayapeleka kwa mama zao.

Mimi nikaenda dukani kwa Mzee Kurji, Mhindi wa karibu na soko. Nikaomba bafta nyeupe ikatwe vipande, na pamba, na kafuri. Mkasi wake ukasimama.

"Pole, Karani. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni vya watoto wa shule."

Bibi mmoja, Bi Mwanahawa, alikuwa pale amekuja kununua mafuta ya taa. Alinitazama, akatoka, chupa yake akaiacha juu ya meza.

Wewe, kaka, uliyenionyesha namna ya kushika kichwa cha baba alipokuwa akioshwa kabla ya kuzikwa, ungeshtuka papo hapo. Mimi akilini mwangu mlikuwa na somo tu: bafta ya macho, pamba ya masikio, kafuri ya pua. Nilirudi nyumbani nimekumbatia sanda, pamba na kafuri, nikaulizwa hali njiani na nikaitika vizuri.

Asubuhi sikukuta watoto, ila Zena nyuma ya baba yake. Nilikuta wazazi wao wamejaa mlangoni, na baadhi ya wanaume wana fimbo. Nikatoa shikamoo kwa wazee. Haikuitikiwa. Sijawahi kunyimwa marahaba maishani mwangu.

Mzee Chande akaja mbele. "Mimi nimechonga milango mji huu tangu ujana wangu," akasema. "Mlango wa mwili sijapata kuuona. Nionyeshe huo unaotaka kuufunga kwa mwanangu."

Nikajaribu kueleza habari za kitabu.

"Sanda hiyo hapo mkononi mwake," akasema Bi Mwanahawa. "Kafuri anayo mfukoni, naisikia harufu yake. Mwulizeni anamzika nani."

Nilipotazama nilichokishika, nikaelewa. Nikataka kusema nimekosea, lakini watu walikwisha kunisukuma ndani na kunizunguka, na mmoja alikuwa amesimama mlangoni.

"Basi tuanze na yeye," akasema Mzee Chande.

Akaichukua ile bafta akanifunga macho mwenyewe, akaikaza. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Masikio mwachieni, asikie akisomewa talkini." Wengine wakaguna. Sikuona kitu tena. Nikasoma dua kimoyomoyo na nikaikosea.

"Zena," baba yake akaita. "Njoo hapa. Alitaka kukufanya nini? Mfanyie yeye."

Nikasikia nyayo ndogo. Mkono ukaingia mfukoni mwangu, ukatoka. Kitu kikaletwa puani.

"Mwalimu, hii nini?"

Kaka, harufu ile ilinirudisha chumbani kwa baba. "Nasikia," nikasema, "nasikia harufu ya kafuri."

Kisha Zena akasema, taratibu, kama anayemwonea mtu haya, "Siyo hivyo, mwalimu. Pua haisikii. Pua hunusa."

Mtu akacheka, akajizuia. Bi Mwanahawa akasema, "Kumbe na huyu wa Pangani husikia kwa pua kama sisi," na hapo wakacheka wengi. Halikuwa cheko la kunisamehe, lakini nilisikia fimbo moja ikiegemezwa ukutani.

"Huo ndio mchezo wenyewe?" akauliza Mzee Chande.

"Ndio huo tu, mzee."

"Bado mlango wa kugusa," akasema Zena. Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya mkono mwingine. Ulikuwa mkubwa, una sugu za patasi na vumbi la mbao. Nilijua ni wa nani. Jambo ambalo sikulitazamia ni kwamba ulikuwa unatetemeka, kama wangu. Nilisema, "Huyu ni baba yako," na hilo jingine sikulitaja. Mzee Chande akanifungua mwenyewe. Hakunitazama usoni, wala mimi sikumtazama.

Bafta nimeirudisha dukani. Jana Zena alikuja na kipande cha kanga chakavu ya mama yake cha kufungia macho, na nyuma yake wakaja wengine. Sio wote. Mabenchi ya mbele yamejaa, ya nyuma bado matupu, na tarishi anasema Bwana Shauri yuko njiani. Leo nimepita nyumba kwa nyumba nikibisha hodi. Kwingine nimekaribishwa, kwingine mlango haukufunguliwa.

Nisalimie shemeji na mtoto, na mjomba wetu mvuvi, na shangazi aliyenishonea kanzu. Maalim aliyetufundisha Kurani chuoni mwombe aniombee dua, bila kumweleza sababu. Habari za sanda usimsomee mama. Msomee za nguru na za Zena. Akikuuliza kwa nini mwandiko wangu umepinda safari hii, mwambie huku nasikia baridi.

Mdogo wako,
Hamisi