Kutoka Eksirei hadi Harusini

Mfaranyaki,
Songea.
14 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Biasha,

Shikamoo. Hujambo huko Tabora, na lile goti limepoa? Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya mwaka huu imegoma kuondoka.

Shangazi, najua habari zimekufikia kabla ya barua hii. Ni kweli, nimeacha kazi hospitalini. Nilikuogopa wewe kuliko mwajiri, maana ndiwe uliyenisomesha hiyo eksirei. Lakini miaka ishirini na moja nimewapiga watu picha, na hakuna hata mmoja aliyeipokea akatabasamu. Nilipotimiza arobaini na saba nikasema basi, nami nipige za furaha. Sasa nina studio ndogo hapa Mfaranyaki.

Mwanzoni walikuja wa pasipoti tu. Baba Daimu hakunilaumu, ila kila jioni aliuliza kama nafasi yangu hospitalini imeshajazwa. Mume wangu unamjua.

Ndipo akapiga simu binti wa Tunduru, Zulfa. Anaolewa, na kwenye sherehe yao ya wanawake haingii mwanamume, hata mwenye kamera. Nikapanda basi. Zulfa alipokaa mbele yangu, mazoea yakanitoka mdomoni: "Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike!" Ukumbi mzima ukazuia pumzi! Niliposema, "Haya, pumua," walicheka mpaka wakashikana mabega, na hapo nikazipata picha nzuri kuliko zote.

Nikiwa nafungasha vitu, bibi yake Zulfa, Bi Mwanaisha, akanishika mkono.

"Na mimi nipige, mwanangu. Miaka yote nimekataa, sitaki mwanamume anikodolee macho."

Akaweka shungi sawa, akakaa wima. Nilipomwonyesha uso wake kwenye kamera akasema taratibu, "Kumbe nimefanana na mama."

Shangazi, nililia. Naye akaninyang'anya kamera: "Lete, nikupige na wewe."

Tangu siku ile nimeitwa harusi tatu, moja ya Namtumbo, na Baba Daimu ndiye anayenibebea taa mpaka mlangoni.

Nimeiweka humu picha aliyonipiga Bi Mwanaisha. Imekaa upande na utosi umekatika, lakini ndiye mimi, meno yote nje. Itazame kwanza, ndipo unigombeze.

Nisalimie kaka Abdulswamadu na mkewe, na Mwanahawa umbusu. Mola akuzidishie afya na siku za raha.

Mtoto wako akupendaye,
Shamimu