Babu, Faki Bado Hajaondoka

Babu yangu,

Shikamoo. Mkono umeandika salamu kabla sijakumbuka kwamba hutaitika. Nimeiacha hivyo hivyo, maana kuifuta ningeona nakukosea adabu.

Habari unayoitaka kwanza naijua. Faki bado hajaondoka. Yumo kwenye chumba cha uani kwa shemeji yake, begi limefungwa, na lile jino halijang'olewa.

Uliwahi kunambia kwamba "Chumba cha Uani" kilianza kuoneshwa kwenye televisheni kabla mimi sijazaliwa. Faki alitoka shamba kuja mjini kung'oa jino, akamwambia kaka yake na mke wa kaka yake, Bi Rukia, kwamba atalala siku mbili tatu tu. Mimi nikazaliwa, nikaanza skuli, sasa niko sekondari, na yeye kila kipindi kikikaribia kwisha anafunga begi na kusema, "Kesho naondoka." Wewe ulikuwa ukimjibu kwa sauti kama vile anakusikia: "Muongo mkubwa!" Na Bibi naye kutoka upande wa pili wa kochi: "Mwache mwenzio. Ana pa kwenda?" Wewe ulitaka Bi Rukia amtoe, Bibi alimtetea, na mimi nilikaa katikati yenu na sahani ya njugu. Nilidhani kila nyumba inaangalia televisheni kwa kugombana.

Watu wa khitma yako walipokwenda zao, Mama aliizima televisheni, akasema haitawashwa mpaka Bibi atoke eda. "Hatuwezi kumlilia Babu huku tunamcheka Faki," alisema. Nilimwelewa. Wewe ni baba yake.

Lakini Bibi, Babu. Kwamba hatoki nje, hilo ni la eda na sote tulilijua. Tatizo ni kwamba hata ndani hakuwepo. Anakaa kitandani upande wako, anavuta tasbihi, ukimsemesha anakutazama kama mtu anayesubiri umalize. Ukimpelekea chakula anasema "Nshakula," na sahani umeishika wewe, imejaa. Kanga zikaanza kumpwaya mwilini. Mama alimpikia kila alichowahi kukisifu. Niliogopa kwamba tutakuja kuzika wawili, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilihisi nikilitamka litakuwa kweli.

Mimi kipindi nilikuwa nakwenda kukiangalia chini kwa kina Hansa, wale wenye duka la vifungo na nyuzi. Mama aliniruhusu, alisema nyumba ya watu haina eda yetu. Mara ya kwanza sikuweza kucheka. Faki alisema "Kesho naondoka," nikasubiri sauti yako, na pale pakabaki patupu. Mama yake Hansa, yeye alicheka mpaka bangili zikagongana, akasema, "Huyu ni kaka yangu kabisa, yule wa Mwanakwerekwe!" Nikashangaa. Siku zote nilidhani Faki ni wa kwetu tu.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Vichekesho vyake vingi nimeshavisikia, hata maneno yenyewe nayajua kabla hayajatoka. Basi kwa nini hatumchoki? Nadhani ni kwa sababu ya Bi Rukia. Anamtukana, anamhesabia vijiko vya sukari, halafu usiku anamfunikia sahani yake ya wali. Hakuna siku hata moja aliyosahau. Tunarudi kuhakikisha kwamba leo pia hajasahau. Mwalimu wetu wa Kiswahili akituuliza tena kwa nini hadithi fulani hudumu, nitamwambia hivyo, ingawa sijui kama kwenye mtihani nitapata maksi.

Basi siku moja nilipanda kutoka kwa kina Hansa, nikaingia chumbani kwa Bibi. Sikutaja televisheni. Nilikaa kwenye mkeka nikasema, kama mtu anayeleta habari za mtaa:

"Bibi, leo Bi Rukia kabadilisha kitasa."

Akageuza shingo. Babu, aligeuza shingo!

Nikaendelea. Faki karudi kutoka msikitini, ufunguo hauzunguki. Kakaa barazani na begi lake na lile jino lake bovu, kila anayepita anamwambia, "Napunga upepo." Jua linamchoma, yeye anapunga upepo. Tasbihi ya Bibi ilikuwa imesimama kidoleni. Hapo ndipo nilipoona Bi Saada wa Chukwani amesimama mlangoni, amekuja kumtazama Bibi. Unamjua alivyo, mtu wa redio maisha yake yote, televisheni hajawahi kuiweka nyumbani. Akaketi, akasikiliza. Nikiwa bado sijafika mwisho, pakaadhiniwa Magharibi, nikanyamaza, watu wakainuka kutawadha. Bi Saada aliposali tu akaaga. Mlangoni alinishika mkono, akaubana sana. Sikujua kwa nini. Mwisho wa hadithi sikuurudia tena, na Bibi hakuuliza.

Juzi karudi. Kaingia na uso wa mtu mwenye jambo zito, kaketi karibu na Bibi, akaanza taratibu:

"Dada, msinifiche. Mambo ya nyumba za watu mimi siyaingilii, lakini hili limeninyima usingizi. Mwanamme mzima kufungiwa mlango, akae barazani watu wanampita! Huyo Faki ni nani wenu?"

Bibi akanitazama. Mimi nikatazama mkeka.

"Mwambieni aje kwangu," Bi Saada akaendelea. "Chumba cha mwanangu kipo kitupu tangu ahamie Pemba. Godoro nshalianika. Na hilo jino, kuna daktari pale karibu na kwangu, ana mkono mwepesi."

Kwanza nilidhani Bibi anakohoa. Mabega yalianza kutikisika, tasbihi ikaanguka, halafu ile sauti ikatoka, ile yake ya zamani inayoanza nyembamba kisha inapasuka. Bi Saada akasema, "Sasa cheko la nini? Nimesema godoro, sikusema kasri!" Bibi akazidi. Nikamweleza Bi Saada kwamba Faki ni mtu wa kwenye televisheni. Akajitengeneza buibui.

"Hata hivyo," alisema, "chumba kipo."

Ndipo Mama alipotokea mlangoni, mikono ina unga. Bibi akajiziba mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mimi nikageuka kumtazama Mama. Nilikuwa tayari kusema kosa ni langu. Mama alimtazama Bibi, akamtazama Bi Saada, akanitazama mimi. Kisha akaketi pale pale kizingitini.

"Kwani," akauliza, "hatimaye alilala wapi?"

Kumbe siku ile alikuwa jikoni akisikiliza, na adhana ilimkatia hadithi yeye pia.

Nikamaliza. Jua limeshazama, Bi Rukia kafungua dirisha la juu, hakumwangalia hata usoni, kasema, "Wali unapoa." Basi. Mama akaangua kicheko, kikageuka kilio katikati ya njia, na Bibi akamvuta kichwa akakiweka pajani kwake. Unga ulimjaa Bibi kwenye kanga na hakuupangusa. Walilia pamoja, Babu. Tangu siku ya mazishi kila mmoja alikuwa akilia chumba chake. Baadaye Bibi akauliza jikoni kuna nini, na alichopewa alikila chote, huku akimwambia Bi Saada kwamba wewe ungekuwepo ungemkataza kumpa Faki hata mkeka.

Ilikuwa mara ya kwanza kukutaja tangu tukuzike.

Babu, sijui huko uliko mnapata habari gani za huku. Mimi nakuombea kila baada ya sala, na nimeanza kuamini kwamba kucheka kidogo si kukusahau. Televisheni itabaki imezimwa mpaka eda iishe, tumekubaliana, na tutalitimiza kwa heshima yako. Kwa sasa televisheni ni mimi. Bibi ananisahihisha, anasema Faki naigiza vizuri ila Bi Rukia namfanya mkali kupita kiasi.

Kesho kipindi kipo, na Bi Saada kasema atawahi mapema. Pumzika, Babu wangu, Mwenyezi Mungu akuangazie ulipolala. Nakuahidi nitasimulia kwa sauti, mlango wazi, na Bibi akicheka sitageuka tena kumtazama Mama kwanza.

Mjukuu wako,
Thuwaiba