Klorini Bafuni

Dada Kadija,

Salaam kutoka Kisumu. Sisi wazima, ila mama mkwe anakohoa. Dagaa wa omena wameshuka bei. Obeid bado hutufungia geti kwa ufunguo akienda dukani, eti kwa usalama wetu.

Shahada yangu ya kemia iko kabatini. Nikiosha vyombo hujifundisha mwenyewe: florini ndiyo kali kuliko halojeni zote, kisha klorini, bromini, halafu iodini. Ukishuka kwenye kundi, ukali unapungua.

Jumatatu mama mkwe alikuwa akisafisha bafu, akachanganya dawa ya madoa na asidi ya choo. Nilipopata ile harufu nikajua ni klorini. Nilimkuta ameanguka sakafuni, na gesi hiyo ni nzito, hukaa chini. Nikabana pumzi, nikamburuta hadi ghorofani, nikafungua madirisha yote.

Obeid aliporudi nilimwomba tena ile kazi ya ualimu Kombewa. Akacheka. "Sasa nimeona faida ya mke msomi. Kaa hapa na Mama."

Leo, Obeid alipotoka tu, mama mkwe alinitia mkononi ufunguo wake wa geti. "Nenda, mwanangu, kabla hajarudi. Mimi sikupata wa kunifungulia."

Dada, geti liko hatua kumi kutoka hapa. Ufunguo ninao tangu saa tatu asubuhi. Sasa adhuhuri inaadhiniwa, na bado nimekaa nakuandikia.

Mdogo wako,
Ruqayya